Kuhamia Marekani na watoto: jinsi ya kulinganisha majimbo kwa hatari ya kupe na ugonjwa wa Lyme

Familia inayopewa nafasi ya kazi katika majimbo mawili ya Marekani, tuseme moja Connecticut na nyingine North Carolina, mara nyingi huanza kwa kutazama ramani ya ugonjwa wa Lyme, yaani ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe. Ramani hiyo imejaa madoa mazito kaskazini-mashariki na karibu na Maziwa Makuu, ilhali kusini ni karibu kweupe, na mzazi mwenye watoto wadogo huona kama jibu limekwisha kupatikana. Ningemsihi mzazi huyo asifunge hesabu mapema. Ramani ya Lyme huhesabu ugonjwa mmoja tu, na kupe wa kusini na wa magharibi wana magonjwa yao, mojawapo likiua haraka kuliko Lyme ilivyowahi kuua. Tena ramani haisemi lolote kuhusu ua wa nyumba utakayopanga, wala kuhusu mwili wa mtoto utakayemhamishia huko.

Nitalinganisha maeneo makuu kwanza, kisha nyumba, kisha watu wa familia yenyewe, na nitasema wazi pale ninapoona uzito unaelemea upande mmoja.

Kaskazini-mashariki

Jina la ugonjwa limetoka katika miji ya Lyme na Old Lyme, Connecticut, ambako katikati ya miaka ya 1970 kina mama wawili walikataa kuamini kwamba watoto wengi wa eneo dogo wangeweza kuvimba magoti kwa bahati tu, wakawasumbua watu wa afya hadi uchunguzi ukafanyika. Allen Steere na wenzake waliutambua kuwa ugonjwa wa pekee, na mwaka 1982 Willy Burgdorfer na wenzake wakatangaza kwamba chanzo chake ni bakteria mwembamba aliyejisokota, anayeishi ndani ya kupe. Kupe huyo ni yule wa miguu myeusi, ambaye wenyeji wengi humwita kupe wa kulungu, ingawa bakteria wenyewe huwapata zaidi kutoka kwa panya wadogo wa msituni. Kulungu humlisha kupe mkubwa na kumsafirisha. Panya ndiye anayemwambukiza kupe mchanga. Ndiyo maana nyumba ambayo kulungu hawaonekani kabisa bado inaweza kuwa na kupe wenye bakteria.

Pennsylvania, New York, New Jersey, Connecticut, Massachusetts, Maine, New Hampshire, Vermont na Rhode Island zote zimo katika kundi la majimbo yenye Lyme nyingi. Katika baadhi ya maeneo hayo, karibu nusu ya kupe wakubwa wa aina hii wana bakteria. Kitaifa, mwaka 2023 waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 89,000, na makadirio ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, kwa miaka ya 2010 hadi 2018 ni kwamba takribani watu 476,000 kwa mwaka walipimwa na kutibiwa ugonjwa huu. Anayelinganisha takwimu za miaka tofauti ajue jambo moja: tangu 2022 majimbo yenye Lyme nyingi huruhusiwa kuhesabu mgonjwa kwa matokeo ya maabara peke yake, wakati majimbo yenye Lyme chache bado hutakiwa kuambatanisha taarifa za dalili. Sehemu ya ongezeko unaloliona baada ya mwaka huo imetokana na namna ya kuhesabu, na si sawa kulitumia kama ushahidi kwamba jimbo fulani limeharibika ghafla.

Anayewaambukiza watu wengi si kupe mkubwa. Ni yule aliye katika hatua ya kati ya ukuaji, ambaye wanabiolojia humwita tunutu, mwenye ukubwa usiozidi punje ya ulezi, anayetafuta damu hasa kati ya Mei na Julai. Haumi kwa maumivu, hujificha nyuma ya goti, kwenye kinena, kwapani na kwenye mstari wa nywele, na mtoto hawezi kukuambia kwamba yupo. Jambo la kutia moyo ni kwamba bakteria wa Lyme hawaingii mwilini papo hapo; kwa kawaida kupe huhitaji kukaa amejishikiza kwa zaidi ya saa 24, na hatari hupanda sana baada ya saa 36. Familia inayokagua miili ya watoto kila jioni inapata nafasi ya kweli ya kuuvunja mnyororo huo.

Lyme si ugonjwa pekee wa kupe huyu. Anaweza kubeba pia anaplasmosisi, ambayo ni homa ya bakteria, babesiosisi, inayoletwa na vimelea vya damu viitwavyo babesia, na, kwa nadra sana, virusi vya Powassan. Hivi vya mwisho vinaweza kuingia mwilini ndani ya dakika 15, havina dawa, na katika wale wanaougua vikali takribani mmoja kati ya kumi hufariki. Kwa sababu ni vichache mno sidhani vinafaa kuamua mahali pa kuishi, lakini vinatosha kumzuia mtu asitegemee ukaguzi wa jioni peke yake.

Upande mwingine wa mizani ni kwamba daktari wa watoto katika Connecticut au Massachusetts huona Lyme kila kiangazi. Mtoto aliyevimba goti mwezi wa Septemba hupimwa Lyme mapema, na mzazi hahitaji kubishana. Faida hii haimo kwenye ramani yoyote, nami naipa uzito mkubwa.

Minnesota na Wisconsin

Kupe ni yuleyule na magonjwa ni karibu yaleyale, pamoja na bakteria mwingine wa Lyme, anayeitwa Borrelia mayonii, aliyetambuliwa katika eneo hili. Tofauti iliyo muhimu kwa anayehama ni ndani ya jimbo moja. Minnesota ya mashariki, ya kati na ya kusini-mashariki, kwenye misitu, ina hatari kubwa. Magharibi, kwenye nyanda zilizolimwa, hatari hupungua sana. Anayefanya kazi mjini Minneapolis na kuishi katika mtaa uliojengwa vizuri hana maisha sawa na anayenunua nyumba kando ya ziwa saa mbili kaskazini. Majira ya baridi ni marefu na huwapa wazazi miezi ya kupumua, ingawa kupe wakubwa wa aina hii huamka siku yoyote joto linapopanda kidogo juu ya nyuzi 4 na theluji ikiwa imeyeyuka.

Kusini-mashariki

Hapa ndipo ramani ya Lyme inapowapotosha watu wengi. Kupe wa miguu myeusi yupo kusini pia, lakini tunutu wake hupendelea kuwanyonya mijusi, ambao ni wabebaji dhaifu wa bakteria, na hukaa chini ya majani yaliyoanguka badala ya kupanda juu ya nyasi na kusubiri mguu wa mtu. Kwa sababu hiyo Lyme ya kusini kabisa ni chache kweli, na mtu anayesema hivyo hadanganyi. Mpaka wenyewe, hata hivyo, unasogea: Virginia sasa imo katika kundi la majimbo yenye Lyme nyingi, na milima ya Appalachia imekuwa njia ya kupe wenye tabia za kaskazini kushuka kusini.

Kupe anayewasumbua watu wa kusini zaidi ni yule ambaye jike lake lina doa moja jeupe mgongoni. Huyu haambukizi Lyme. Ni mkali, humfuata mtu kwa miguu yake, na hata wachanga wake wadogo kabisa huwauma watu, mara nyingine kwa makumi kwa wakati mmoja baada ya hatua moja kwenye majani. Huleta ehrlichiosisi, homa nyingine ya bakteria, na huweza kuufanya mwili wa mtu ukatae nyama nyekundu. Mzio huo huitwa alfa-gal. Aliyeupata hula nyama ya ng'ombe, mbuzi au nguruwe jioni, kisha saa 2 hadi 6 baadaye huamka na vipele mwili mzima, tumbo likimkata, na wengine hupungukiwa na pumzi. Baadhi yao hulazimika kuacha hata maziwa. CDC ilihesabu zaidi ya watu 110,000 waliodhaniwa kuwa nao kati ya 2010 na 2022, na inakadiria kwamba huenda walioguswa wamefika 450,000. Wengi wako Arkansas, Missouri, Kentucky, Tennessee, Oklahoma, Virginia na North Carolina, lakini Kaunti ya Suffolk katika jimbo la New York nayo imo kwenye orodha, jambo linaloonyesha kwamba kupe huyu naye hakubali mipaka tunayomchorea.

Ugonjwa unaonitia hofu zaidi kusini ni homa ya madoa ya Milima ya Rocky, nayo ya bakteria wanaoletwa na kupe. Jina lake linapotosha, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa hutoka North Carolina, Tennessee, Arkansas, Missouri na Oklahoma, mbali na milima hiyo. Huanza kama homa yoyote ya mtoto, kwa kichwa kuuma na kutapika. Upele huja siku 2 hadi 4 baada ya homa, na kwa wengine hauji kabisa. Dawa ni antibiotiki iitwayo doksisaiklini kwa watu wa umri wote, na hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya siku 5 za mwanzo. Ikichelewa, mgonjwa anaweza kufa katika wiki ya pili, na watoto walio chini ya miaka 10 wako katika hatari ya kufa mara tano zaidi ya watu wazima. Baadhi ya waganga na wazazi bado wanaogopa kumpa mtoto mdogo doksisaiklini kwa sababu ya habari za zamani za kuharibika meno. Tafiti za dozi fupi hazikuona madhara hayo, na woga huo umegharimu maisha.

Kwa hiyo anayeikimbia Lyme ya Connecticut na kwenda kuishi kando ya msitu wa North Carolina amebadilisha ugonjwa ulio mwingi, unaokwenda polepole na unaotibika hata ukichelewa, kwa ugonjwa ulio mchache sana lakini usiosubiri. Sisemi kwamba amekosea. Nasema ajue amebadilishana nini na nini.

Magharibi

Kwa anayeogopa Lyme peke yake, magharibi ndiko kuliko kwepesi. Colorado haina kupe wa Lyme aliyekita makazi; ina homa ya kupe ya Colorado, ambayo hupatikana milimani kati ya takribani mita 1,200 na 3,000 na kwa kawaida hupona yenyewe. Pwani ya California ya kaskazini ina Lyme, lakini kiwango cha maambukizi kwa kupe ni kidogo kuliko kaskazini-mashariki, kwa sehemu kwa sababu damu ya mjusi mmoja wa huko huua bakteria ndani ya kupe anayemnyonya. Arizona ina tatizo la aina yake: katika baadhi ya jamii za wenyeji asilia mashariki mwa jimbo, homa ya madoa huenezwa na kupe wa mbwa anayezaliana ndani na kandokando ya nyumba, na kinga yake ni kuwatibu mbwa kuliko kufyeka nyasi.

Nyumba yenyewe

Kwa jinsi ninavyoona, uamuzi huu ni mzito kuliko ule wa jimbo, hasa kaskazini-mashariki, ambako watu wengi huumwa na kupe kwenye nyumba zao wenyewe. Uchunguzi uliofanyika katika makazi ya Kaunti ya Westchester, New York, na kuchapishwa 1991, ulikuta takribani theluthi mbili ya kupe wakiwa msituni, karibu asilimia 22 kwenye ukingo usiotunzwa kati ya msitu na ua, asilimia 9 kwenye vichaka vya mapambo, na asilimia 2 tu kwenye nyasi zilizokatwa. Hata kupe wa kwenye nyasi hupatikana zaidi katika mita 3 za mwanzo kutoka ukingoni. Tofauti hizi ni kubwa mno kupuuzwa na mtu anayekagua nyumba mbili za kodi ileile.

Unapokwenda kuangalia nyumba, usianze na jiko. Nenda nyuma. Tazama kama kivuli cha msitu kinafika kwenye bembea ya watoto, kama kuna ukuta wa mawe uliojaa majani makavu, kama kuni zimepangwa ukutani, na kama kuna uzio. Uchunguzi wa Connecticut uliotolewa 2009 uliona kwamba wenye uzio wa aina yoyote, wanaooga ndani ya saa 2 baada ya kutoka uani, na wanaojikagua, walipata Lyme kwa uchache kuliko wengine. Nyumba yenye jua, uzio na mita kadhaa za nyasi fupi ni bora kuliko nyumba nzuri zaidi iliyomezwa na miti, hata kama zote ziko katika kaunti iliyopakwa rangi nzito.

Mwenye nyumba anaweza kukuahidi kwamba atapuliza dawa kila masika. Usiilipie ahadi hiyo kodi ya ziada. Katika jaribio lililofanywa Connecticut, Maryland na New York, na matokeo yake kutolewa 2016, dawa iliyopulizwa mara moja ilipunguza kupe uani kwa asilimia 63, lakini idadi ya watu waliopatwa na kupe au kuugua haikupungua. Bora umwombe ruhusa ya kuondoa majani, kutandaza vipande vya mbao kwa upana wa takribani mita moja kati ya nyasi na msitu, na kuhamisha mahali pa kuchezea watoto hadi katikati ya jua. Mpangaji asiye na ruhusa ya kugusa ua ana silaha chache, na hilo lihesabiwe dhidi ya nyumba hiyo. Ghorofa ya mjini, kwa upande huu, humaliza sehemu kubwa ya hatari ya kila siku, ikabaki ile ya bustani na matembezi ambayo unaweza kuipanga.

Nani anahama

Watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 9 ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi na Lyme, pamoja na watu wazima waliovuka miaka ya 40. Zaidi ya umri, kuna mambo mawili ambayo sioni yakizungumzwa vya kutosha, na ambayo kwa familia nyingi zinazosoma Kiswahili ni ya msingi.

La kwanza ni selimundu. Babesia ni vimelea wanaoishi ndani ya chembe nyekundu za damu, na chini ya darubini hufanana na vimelea vya malaria. Mtu mwenye bandama nzima mara nyingi hata hajui ameambukizwa. Asiye na bandama, au ambaye bandama yake imekwisha kuharibika, kama ilivyo kwa wengi wenye selimundu, anaweza kuugua vibaya sana na kufa. Tena doksisaiklini inayotibu Lyme haitibu babesia. Matibabu yake ni mchanganyiko wa atovakwoni na azithromaisini. Kwa familia yenye mtoto wa selimundu, mimi ningeipa sababu hii nguvu ya kuamua: kama kazi mbili zinakaribiana, ningekwepa kaskazini-mashariki na maeneo ya misitu ya Minnesota na Wisconsin, au ningekwenda kwa sharti la kuishi mjini, karibu na hospitali yenye wataalamu wa damu. Na mtu huyo akipata homa huko, amweleze daktari mambo yote mawili, yaani kwamba ametoka au amesafiri kwenye nchi ya malaria na kwamba anaishi kwenye kupe, ili kipimo kimoja kisifunike kingine.

La pili ni rangi ya ngozi. Alama ya Lyme hujitokeza kwa takribani watu 70 hadi 80 kati ya 100, siku 3 hadi 30 baada ya kuumwa, na picha zinazosambazwa huonyesha duara jekundu lenye kitovu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi inaweza kuonekana kama sehemu iliyovilia damu, au kivuli cheusi zaidi kinachopanuka taratibu bila kuwasha wala kuuma. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba wagonjwa weusi hugunduliwa mara nyingi zaidi wakiwa wamekwisha kufikia hatua ya viungo au mishipa ya fahamu, maana yake alama ya kwanza ilipita bila kutambuliwa. Doa lolote linalokua siku hadi siku, upana ukizidi sentimita 5, lipigwe picha kila asubuhi kando ya rula na lipelekwe kwa daktari, hata kama halifanani na picha ya kitabuni. Kipimo cha damu katika wiki za mwanzo mara nyingi hakionyeshi kitu kwa sababu kingamwili hazijajengeka, na daktari anayejua kazi yake hutibu alama bila kusubiri maabara.

Mbwa, kama yupo, huleta kupe ndani; kwake kuna chanjo ya Lyme. Kwa watu, chanjo iliyoidhinishwa 1998 iliondolewa sokoni 2002, na kuhama kusipangwe kwa kutegemea nyingine.

Umbali wa daktari na mwezi wa kuhama

Kaskazini-mashariki, kupe wa miguu myeusi aliyekaa mwilini saa 36 au zaidi anaweza kujibiwa kwa dozi moja ya doksisaiklini ndani ya saa 72 baada ya kutolewa. Saa hizo hazimfai mtu ambaye bima yake ya afya inaanza siku ya 30 ya kazi mpya. Uliza tarehe ya kuanza kwa bima ya watoto kabla ya kusaini mkataba, na uilinganishe kati ya waajiri kama unavyolinganisha mshahara. Kusini uliza kwa ukali zaidi, kwa maana homa ya madoa haitoi muda wa kusubiri miadi.

Familia nyingi huhama Juni, shule zikifungwa, na kwa kaskazini huo ndio mwezi ambao tunutu wamejaa uani, watoto wana hamu ya kuchunguza kila kichaka, na wazazi bado wanafungua maboksi bila hata kujua kibano kidogo cha kutolea kupe kiko wapi. Mwenye uhuru wa kuchagua ahamie mwishoni mwa Agosti, tunutu wanapopungua. Kupe wakubwa watakaojitokeza Oktoba wanaonekana kwa macho, na familia itakuwa imepata miezi mingi ya kuzoea ukaguzi wa jioni kabla ya Mei kufika.